Mafuta Niliyoyaonea Aibu

Kabla sijaisimulia safari yenyewe, lazima nieleze jinsi nilivyoyajua mafuta, maana nisipoeleza mtu atadhani nilikosea kwa kutojua. Nilijua. Nilikuwa na daftari.

Shule niliiacha darasa la nne, na ufundi hakuna aliyeniweka chini akanifundisha. Niliusoma kwenye makopo. Kila kopo lililokwisha pale gereji Shinyanga nililisugua kwa mchanga, nikanakili maneno yake herufi kwa herufi pamoja na yale nisiyoyaelewa, kisha nikaenda kumvizia karani mmoja wa stesheni ya reli aliyejua Kiingereza ili anifasirie. Alinikimbia mara nyingi. Lakini daftari lilijaa. Oili ya injini iwe nyepesi katika baridi ya mwezi wa sita na nzito katika jua la mwezi wa kumi. Ile ya gia na ya difu iwe nene, ishuke kwenye kijiti taratibu kama asali ya mwituni. Grisi ya magurudumu haifai kwenye pampu ya maji, maana maji ya moto huiyeyusha ikaenda kuziba rejeta. Springi za gari linalopita njia zetu za vumbi usizipake kitu chochote, kwa kuwa vumbi likishalewa mafuta linakula chuma kama tupa. Na kufuli ya mlango usiitie mafuta hata tone: kwaruza risasi ya penseli, upulize unga wake ndani ya tundu. Hilo la penseli nililigundua mwenyewe, na niliishi kwa fahari yake karibu mwaka mzima.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa na woga ambao hadi leo sijaupatia jina. Nikishakaza nati nilitembea hatua kumi, nikarudi kuigusa. Nikaondoka, nikarudi tena. Wenzangu walichoka kucheka.

"Wewe, nati hiyo unaikaza au unaiposa?" aliniuliza mmoja wao siku moja, na tangu hapo kila nilipoinama chini ya gari mtu aliuliza mahari imefika ng'ombe wangapi.

Fundi mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye gereji, hakucheka. Alikuwa Kalasinga wa makamo aliyetengeneza malori ya jeshi wakati wa vita. Alikuwa akinitazama nikifuta spana ambayo tayari ilikuwa safi, halafu akatikisa kilemba chake. "Kijana, wewe macho yako mazuri," aliniambia. "Lakini unapenda gari ling'ae. Mimi napenda lifike."

Sasa nifike kwenye mafuta ya mama.

Mama yangu aliishi ng'ambo ya Geita, kijiji kilicho kwenye njia ya kushukia Nkome. Baba alikuwa amekwenda huko kuchimba dhahabu mgodini, akafia huko, na mama akabaki na dada yangu mkubwa kwenye kipande cha shamba walichokuwa wamepewa. Kuzunguka nyumba alipanda minyonyo. Mbegu zake alizikaanga, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta yakaelea juu, akayaengua kwa kata. Kwetu mafuta ya nyonyo ni ya kulainishia ngozi za ng'ombe, na ni ya kujipaka mwilini upepo wa kiangazi ukianza kuchana visigino. Mara mbili kwa mwaka alimpa dereva yeyote anayekuja Shinyanga chupa moja, imezibwa kwa gunzi la mahindi, aniletee. "Mwambie apake mikono," aliagiza. Alikuwa ameona petroli inavyonikausha viganja.

Sikuyapaka. Siku ya kwanza nilipoyapaka, mwenzangu mmoja alinusa, akazunguka gereji yote akijifanya anatafuta. "Jamani, nani ameingiza ndama humu?" Nilikwenda nyuma nikanawa kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikaniwasha. Tangu siku hiyo kila chupa iliyofika niliificha chini kabisa ya sanduku langu la vyombo vya kazi. Kuitupa sikuweza, wala sikutaka ionekane. Chini ya mafuta mlikuwa na makapi, machicha ya mbegu, wakati mwingine hata bawa la mdudu. Mtu aliyenakili makopo kwa mwandiko uliopangwa hakutaka ijulikane kwamba ametoka kwenye mafuta ya namna hiyo.

Ilikuwa kiangazi, pamba imekwisha kuchumwa, dereva mmoja aliyeleta mihogo mikavu kutoka Geita aliponiita kando ya lango.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Dada yako amenituma. Mama yuko chini. Wiki ya pili hainuki. Anakutaja wewe. Amesema usingoje barua."

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi mkuu. Siku hiyohiyo alikuwa akisafiri kwa treni kwenda Tabora, na tayari alikuwa amefunga mzigo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza kwa kidevu pikapu lake la zamani, lililonunuliwa mnadani baada ya vita.

"Chukua hilo. Lakini breki inavuja. Fungua, safisha, weka mpira mpya, iko miwili ndani ya droo. Mafuta ya breki yamekwisha, mpaka mwezi ujao. Usitie oili. Umesikia? Tia nyonyo na spiriti ya stovu, nusu kwa nusu. Wakati wa vita tulifanya hivyo na malori yalifika. Mpira wa breki ni kama tumbo la mtoto, haukubali kila chakula. Kwenu nyonyo si iko?"

"Ipo, Bwana Fundi," nilisema.

Akaondoka. Nilivua silinda kuu ya breki, iliyo chini ya mbao za sakafu pale miguuni pa dereva, nikaisafisha mpaka ndani ikawa kioo. Nikaweka mipira mipya. Kisha nikatoa chupa ya mama kutoka chini ya sanduku, nikaiinua juani.

Nataka niseme hili bila kulizungusha. Niliyaona yale makapi, nikaitazama silinda ile niliyoing'arisha, nikaona haya. Nilijiambia kwamba sababu ni uchafu. Lakini uchafu ungechujwa kwa kitambaa kwa muda wa kunywa chai. Kisa ni kwamba kwenye rafu palikuwa na kopo jipya la mafuta mepesi ya mashine, yaliyokuja kwa ajili ya kiwanda cha kuchambua pamba, meupe kama maji ya mvua, yenye maandishi ya dhahabu. Niliyasugua kati ya vidole, yakateleza bila kuacha hata harufu. Nikajiuliza, kitu kilichosafishwa kiasi hiki kitadhuruje mpira? Fundi mkuu alizungumza habari za vita, za watu waliokosa. Mimi sikukosa. Nikamimina, nikatoa hewa magurudumu yote manne, nikakizunguka kiwanda cha pamba mara tatu nikikanyaga breki. Pedeli ilipanda vizuri. Gari lilisimama kama limeshikwa na mkono wa mtu. Usiku ule, pamoja na habari ile ya mama, nililala.

Niliondoka alfajiri kwa njia ya Kahama. Mpaka Kahama kila kitu kilikuwa sawa. Nilikaza tena nati za magurudumu, nikachukua njia ya kaskazini kuelekea Geita. Nilijipigia hesabu ya kufika nyumbani jua likizama, na nilikuwa nimepanga hata maneno. Ningesema "Mwadila, mayu," salamu yetu ya Kisukuma kwa mama, naye angesema nimekonda, kama alivyosema kila mara, hata mwaka ule niliokwenda nimenenepa.

Jua lilipofika utosini gari likaanza kuwa zito. Nilidhani ni mchanga. Nikashuka gia moja, kisha nyingine. Ndipo nilipoisikia harufu, ile ya nguo inayoungua chini ya pasi. Nikasimama. Ngoma za breki za magurudumu ya mbele zilikuwa za moto kiasi kwamba mate yalichemka juu yake. Nilipoikanyaga pedeli nikaikuta ngumu kama jiwe la kusagia, haina hata unene wa kidole wa kushuka.

Nilielewa palepale. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Mafuta yameingia kwenye mpira, mpira umevimba, umeziba tundu la kurudishia mafuta, na breki zimejifunga zenyewe.

Na hapa ndipo inapoanza sehemu ninayoshindwa kujisamehe, maana kosa la mafuta pekee lisingenichelewesha sana. Kuna skrubu ndogo nyuma ya kila gurudumu. Ukiilegeza, mafuta yanatoka, breki zinaachia. Ningeweza kulegeza nne zote, nikaenda bila breki, polepole, nikitumia handibreki. Njia ile ni tambarare, mbuga tupu na miiba, mtu anaona ng'ombe akiwa mbali kabisa. Nililijua hilo. Lakini kuendesha gari lisilo na breki, mimi! Nilijiambia kwamba nitarekebisha vizuri, mara moja, nisije nikaua mtu. Nikatandika turubai chini, nikapanga spana zangu kwa ukubwa, kuanzia ndogo kwenda kubwa. Naona aibu kuandika kwamba nilizipanga kwa ukubwa.

Alasiri lori likaja kutoka upande wa Kahama, limebeba chumvi na watu waliokuwa wakienda kutafuta kazi mgodini. Lilisimama. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya jeshi iliyopauka, aliteremka akainama kunitazama chini ya pikapu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umelivua gari nguo katikati ya barabara?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akitafuna kijiti.

"Mpira umevimba," alisema. "Sasa? Legeza, liachie, endesha na handibreki. Mimi nimeendesha hili miaka miwili bila breki, na wote hawa wazima."

"Wazima kwa sala zetu!" mtu alipiga kelele kutoka juu ya magunia, na watu wakacheka.

"Siwezi, mzee."

"Basi liache. Panda. Jua likizama tuko Geita. Kesho unarudi na fundi."

"Ni gari la watu. Nikiliacha watang'oa magurudumu."

"Nani atang'oa? Fisi?"

Mama mmoja aliyekaa mbele na mtoto mgongoni alichungulia dirishani, akaniona nilivyolala chali, miguu nje. "Mwacheni, baba," alimwambia dereva. "Huyo yuko katika uchungu. Akijifungua pikapu dogo atatuita."

Walicheka sana. Hata mimi nilicheka, huko chini. Dereva hakucheka. Alichuchumaa karibu zaidi.

"Kijana, una haraka gani huko Geita?"

Nikajibu, "Hakuna, mzee. Nakwenda kusalimia nyumbani tu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilijua kwamba nikitamka neno "mama", yule mzee angenivuta miguu, akanitoa chini ya gari, akanitupa juu ya chumvi. Asingeniuliza tena. Na mimi sikutaka kutolewa. Kazi ilikuwa imefunguka nusu. Silinda ilikuwa juu ya turubai, vipande vyake vimepangwa, na kuna kitu ndani yangu ambacho hakiwezi kuondoka penye kazi iliyofunguka nusu. Nilimpenda mama yangu. Nalisema hili nikijua kwamba hakuna anayelazimika kuliamini.

"Haya," alisema mzee. "Wasalimie." Akanipa maji katika kopo, wakaenda. Vumbi lao lilikaa hewani muda mrefu, nami nikafunika silinda kwa shati ili lisiingie.

Siku ya pili yote niliimaliza palepale. Mipira ilikuwa imejaa kama maharage yaliyolowekwa, haikuingia tena mahali ilipotoka. Nikaitia kwenye spiriti ya stovu niliyoibeba kwa chai ya njiani, nikaikamua, nikaianika, nikaitia tena. Nilisafisha kila bomba kwa kupuliza kwa kinywa hadi midomo ikafa ganzi. Adhuhuri nikaitoa chupa ya mama. Niliyachuja mafuta kwa kipande cha shati, mara moja tu, nikayachanganya na spiriti nusu kwa nusu kama nilivyoambiwa, nikamimina. Mipira ilikuwa imenywea kiasi cha kuingia. Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo kutoa hewa kulinichukua muda: kukanyaga, kushuka, kufungua, kufunga, kupanda, kukanyaga. Jua lilikuwa limekwisha kuinama nilipoikanyaga pedeli na kuisikia ikishuka laini, kisha ikapanda, na gurudumu likaachia.

Zilifanya kazi. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikilia, na nakiri kwamba machozi yale kwa sehemu yalikuwa ya furaha ya fundi. Breki zilikuwa nzuri kuliko zilivyokuwa tangu nilijue gari lile.

Hata hivyo sikuondoka jioni ile. Taa moja ilikuwa dhaifu. Nilingoja asubuhi.

Nilifika nyumbani siku ya tatu, jua la mchana. Kabla sijazima injini niliyaona majembe. Yalikuwa matano au sita, yameegemezwa kwenye ua wetu wa minyaa, na kwenye bapa zake udongo ulikuwa bado mbichi. Ulikuwa mwezi wa kiangazi kikali. Hakuna anayelima mwezi ule. Wanaume walikaa nje kuzunguka moto mchana kweupe, na hakuna aliyeinuka kuja kulitazama gari, jambo ambalo halijapata kutokea kijijini kwetu.

Dada alitoka ndani. Alinishika mkono, akanipitisha katikati ya watu bila kunipa nafasi ya kuwaamkia, akaniketisha kwenye kitanda cha mama kilichokuwa tayari kimeondolewa matandiko, kamba tupu.

"Asubuhi ya leo," alisema. "Tumemzika asubuhi ya leo. Alikata roho jana, ng'ombe walipokuwa wanarudi."

Jana, ng'ombe walipokuwa wanarudi, mimi nilikuwa nakanyaga pedeli.

"Juzi lori lilipita na chumvi," dada aliendelea. "Jioni. Lilisimama pale dukani. Mama akasikia, akasema, ni yeye. Nikatoka nikatazama. Nikarudi nikamwambia si yeye. Jana akawa anasikia magari hata yasiyokuwapo. Kila upepo ukivuma kwenye minyaa, ananiambia, nenda ukamfungulie. Nilikwenda. Nilikwenda kila mara, nikasimama nje kidogo, nikarudi."

Nilianza kumweleza. Nilianza na mafuta, na mpira, na tundu la kurudishia. Nilikuwa na haja ya kueleza kila kitu kwa mpangilio. Akaniwekea kiganja kinywani, taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

"Nisikilize," alisema. "Mwishoni nilichoka. Akaniuliza tena, nikamwambia ndiyo, amefika."

Nikautoa mkono wake. "Ulimwambia nimefika?"

"Nilimwambia amefika, yuko nje, analitazama gari lake kwanza. Uongo mwingine asingeuamini. Huu aliuamini mara moja. Hata alicheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Akasema, mwacheni amalize."

Nje mtu alikuwa akitema kuni. Dada alifuta uso kwa upindo wa kaniki yake, mara moja, kwa nguvu, kama anayefuta meza.

"Nikamwuliza, nimwite? Akasema, usimharakishe ng'wanone, mwanangu huyo, akiharakishwa anakosea. Akageukia ukutani. Hakusema tena."

Baadaye dada alisimama kwa sababu wageni walitaka maji, na alipofika mlangoni alinigeukia. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa sauti ya mkubwa wangu.

"Kwa hiyo yeye anajua ulifika. Umesikia? Nakujua wewe. Usiende pale kaburini ukaanza kumweleza vingine."

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Udongo ulikuwa umeanza kukauka juu, na pembeni mmoja wa waliochimba alikuwa ameacha alama ya unyayo, kisigino kimechanika. Upande wa miguu kifusi hakikuwa kimenyooka, kilikuwa kimelala kidogo kushoto. Mikono yangu ilinyanyuka kwenda kukisawazisha. Niliirudisha, nikaishika mmoja kwa mwingine, nikasimama pale mpaka jua likawa kali, na sikumwambia kitu.